Finjani Iliyowekwa Chini

Walisema sitoweza. Walisema mtoto aliyekulia Ng'ambo, Unguja, mwenye Kiarabu cha kuombea dua tu, hatoweza kusimama kwenye majlisi ya Waarabu wa bara akawagaia kahawa. Walisema diploma sitoipata, kwa sababu nafanya kazi mchana na darasani naingia nimechoka. Bi Zuwena, mke wa ami yangu, alinipokea nilipokuja Muscat nna miaka kumi na tisa. Akaniona nazunguka sebule yake ya Ruwi mara nne kabla chai haijapoa, akamwambia mumewe mbele yangu: "Huyu hakai. Kama kuku anayetafuta pa kutaga. Kazi za wageni zinataka mtu mtulivu, huyu mtafutieni kazi ya kupeleka barua."

Diploma nliipata. Iko ukutani na kioo chake nakifuta kwa mkono wangu kila Ijumaa. Ni diploma ya ukarimu na mapokezi ya wageni, na katika darasa letu la watu thelathini na moja sisi Waswahili tulikuwa wawili, na mwenzangu aliacha. Nimestaafu miezi mitatu sasa. Haya naandika kwa kusimama, daftari juu ya friji, maana kiti kinanichosha kuliko kazi. Nyinyi vijana wa kitengo cha mapokezi ya wageni wa serikali mmeniomba niandike yasiyomo kwenye mwongozo. Vyeo na mishahara sitoigusa. Vyeo vilivyokuwepo nlivipata vyote, basi, tuendelee.

Siku yangu ya kwanza kazini nlimfukuza mgeni. Sikumtukana wala sikumgusa. Nlimjazia kahawa. Alikuwa mzee wa heshima kutoka milimani, kakaa mahali pa juu kabisa pa majlisi, nami kwa adabu zote za kwetu nikaijaza finjani yake mpaka mdomoni. Akaitazama, akaiweka pembeni, akaanza kutafuta viatu vyake kwa macho.

Mkuu wa wagawa kahawa alikuwa Khalfan, tuliyemwita Ami kwa heshima, Mwarabu aliyekulia Pemba, mwembamba, mwenye Kiswahili cha polepole kama anayehesabu shanga. Alinishika kiwiko akaniingiza jikoni.

"Umefanya nini?"

"Nimempa kahawa, Ami."

"Umemfukuza. Umemwambia, kunywa hiyo moja uende zako."

"Ami, kwetu Unguja ukimpa mtu kikombe nusu, wanasema una choyo."

"Hapa ukimpa kidogo unamwambia kaa, ntarudi tena. Kikombe kidogo ndio kikao kirefu. Hebu lete dele hilo la kahawa, na ufunge mdomo, mdomo wako ndio uliojaa."

Alinifundisha miaka sita bila ya kuandika neno. Dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, wala usibadilishe hata ukiwa na jipu. Mdomo wa dele uzibwe na nyuzi za mtende, zikamate iliki na unga, na nyuzi hizo zibadilishwe kila asubuhi, maana nyuzi za jana zina kahawa ya jana. Kahawa imiminwe kutoka juu kidogo ili isikike. Mgeni asiyekuona atakusikia. Usimpe mtu mgongo. Mgeni akitikisa finjani, ametosheka. Asipotikisa, mpe tena, hata iwe mara ya saba, wala usimwonyeshe uso wa kuhesabu. Na mgawa kahawa hakai. Wanakaa wote, yeye anasimama.

Hili la mwisho ndilo lililonifanya niipende kazi. Mtu kama mimi, kulipwa kwa kutokukaa! Bi Zuwena alipouliza nnaendeleaje, nlimwambia nimepata kazi ambayo kukaa ni kosa. Akasema, "Mola hamtupi mja wake."

Sasa nakuja kwenye kisa mnachoniuliza kila mara, kile cha Wajapani. Mmekisikia nusunusu, na baadhi yenu mmekisimulia vibaya.

Miaka michache kabla sijastaafu, Mkurugenzi wetu alitia saini mkataba. Alikuwa mtu mwema, mtoto wa kabila la jangwani, lakini amesoma mbali na anapenda vitu viende haraka. Mkataba ulisema kampuni moja ya vyakula italeta kahawa kwenye chupa za moto na vikombe vya karatasi. Madele yetu tayari yalishachukuliwa, yakawekwa kwenye kabati la vioo mlangoni ili wageni wapige picha. Ami Khalfan na wenzake wanne wangefanya kazi mpaka mwisho wa mwezi, kisha wapewe barua za shukrani. Wawili kati yao walikuwa na watoto shuleni. Ami mwenyewe alikuwa na miaka arubaini na kitu ya kusimama.

Nlikwenda kumwona Mkurugenzi. Nlizungumza vizuri sana, hata mwenyewe nlijisikia.

"Nassor," akaniambia, "mgeni anataka kitu cha moto mkononi. Hajui tofauti."

"Anajua, Mheshimiwa."

"Hajui. Niletee mmoja anayejua, tutazungumza." Kisha akageuza karatasi. "Kuna ujumbe unakuja kutoka Japani. Wameomba baada ya kahawa wafanyiwe ile sherehe yao ya chai hapahapa, itaongozwa na mama wa Kijapani anayekaa Muscat. Wewe unaijua ile sherehe?"

"Naijua," nikasema. "Tuliisoma kwenye diploma."

Tuliisoma, kweli. Ukurasa mmoja, nusu yake picha.

Yule mama aliitwa Bi Tomoko, mke wa mhandisi, mdogo wa umbo, mwenye nywele fupi za mvi. Chumba kimoja cha nyumba yake alikitandika mikeka yao minene ya majani, hakuna meza wala kiti. Tulizungumza Kiingereza chake na changu, na Kiarabu kidogo cha sokoni alichojifunza. Nikamwambia nimekuja kujifunza kutengeneza chai.

"Kwanza jifunze kupewa," akasema. "Kaa."

Kukaa kwao ni kukalia visigino, magoti mbele, mgongo wima. Nikacheka. Nikamwambia mimi Mwislamu, nakaa hivyo kila siku mara tano, hili kwangu ni mchezo.

"Kwa dakika ngapi?" akauliza.

Sherehe yake ilichukua saa nzima na zaidi. Alipangusa kila chombo kwa kitambaa kilekile alichokikunja kwa njia ileile, na vyote vilikuwa visafi tangu mwanzo. Alichota maji kwa kata ya mwanzi akaiweka kata chini kama inayolala. Alitia unga wa chai ya kijani bakulini, akamimina maji, akaupiga kwa kipekecho cha mwanzi mpaka ukafanya povu. Mimi dakika ya kumi miguu ilikuwa inawaka, dakika ya kumi na tano sikuisikia tena, dakika ya ishirini nikanyanyuka kumsaidia birika.

Akaacha kila kitu. Akamwaga maji. Akaanza upya tangu kupangusa.

Siku ile alianza upya mara tatu. Nlirudi wiki iliyofuata, akaanza upya mara mbili. Nlikuwa natoka pale na hasira, naendesha gari mpaka Ruwi bila ya haja yoyote, nazunguka kituo cha mabasi, narudi. Nlimuuliza siku moja, "Sherehe hii maana yake nini hasa? Chai ni chai."

"Ukinisaidia birika," akasema, "umenikataa. Mimi nimekuandalia, wewe unataka kuandaa. Basi nani mgeni?" Akafikiri kidogo. "Watu hawa, siku hii, hawatakaa tena namna hii. Kesho watakuwa watu wengine. Ndiyo maana hatufanyi haraka."

Nilimpelekea maneno hayo Ami Khalfan jikoni. Akaendelea kutwanga iliki. "Mama huyo ana akili," akasema. "Wewe, miaka yote hii, umewahi kunywa kahawa yangu umekaa?"

Sikuwahi.

Siku tisa kabla ya ujumbe kufika, sanduku la vyombo vya Bi Tomoko lililotoka kwao likakwama njiani, na habari zake hazikujulikana. Nyumbani alikuwa na vyombo vya watu watatu. Wageni walikuwa wanane. Mtu mwingine angelia. Mimi niliruka, kwa sababu hapo sasa palitakiwa miguu, na miguu nilikuwa nayo.

Bi Tomoko alinieleza kwamba hata wakubwa wa zamani wa chai walikuwa wakichukua chombo cha kazi nyingine, kikapu cha mvuvi au kibuyu, wakakiona kwa jicho jipya na kukipa heshima ya sherehe. "Nitafutie vyombo vya watu," akasema. "Lakini vinavyopendwa, visiwe vya duka."

Vinavyopendwa! Hebu jaribu kuazima kitu kinachopendwa. Bi Zuwena, ambaye siku hizo alishahamia Amerat kwa mwanawe, alikuwa na mikeka miwili ya ukindu aliyosukiwa na dada yake Unguja, na kata ya kifuu yenye mpini wa mwembe.

"Wajapani watakalia mikeka yangu?"

"Watavua viatu, Bi mkubwa."

"Na wewe utakaa juu yake? Saa nzima?" Akacheka mpaka akakohoa. "Chukua. Lakini ukinyanyuka katikati nipigie simu, nnataka kuwa wa kwanza kujua."

Birika la chuma, jeusi, zito kama dhambi, nilipewa Ruwi na Basheer, Mhindi wa Malabari mwenye mkahawa karibu na kituo cha mabasi. Lilikuwa la baba yake, lilining'inia juu ya jiko na halikutumika. Aliniapisha nitalirudisha. Chetezo kikubwa cha udongo cha kuwekea makaa nilipewa na jirani yangu. Mabakuli ya udongo yaliyopungua, pamoja na yetu wenyeji, nilipewa na mwalimu mmoja wa sanaa aliyeyafinyanga mwenyewe na hakuna mtu aliyewahi kuyasifu. Kapu la maua nlilifuata pwani ya Yiti kwa mvuvi mmoja, mzee Said, ambaye hakuelewa kwa nini mtu mzima mwenye kalamu mfukoni anataka kapu bovu la kutilia dagaa. Nlilisugua kwa ndimu mara tatu. Harufu ilipungua. Haikuisha.

Na Ami Khalfan, kwa kuwa madele yetu yalikuwa kabatini na ufunguo haukujulikana uko kwa nani, alileta kutoka nyumbani kwake dele la marehemu baba yake na finjani kumi na mbili. "Siku yangu ya mwisho kubwa," akasema, "ntagawa kwa dele langu."

Siku ikafika. Bi Tomoko alinipa sharti moja. Katika sherehe ya chai mimi ningekaa mgeni wa pili, kando ya mkuu wa ujumbe, ili niwaonyeshe Waomani wenzangu la kufanya. Na nikae tangu kwenye kahawa. "Mgeni haanzi ugeni katikati," akasema. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi nikaingia majlisini nikakaa kwenye zulia, na Ami Khalfan akaja mbele yangu na dele.

Mkuu wa ujumbe aliitwa Bwana Mori, mzee mkavu, mpole. Ami akammiminia kidogo, kutoka juu, ikasikika. Bwana Mori akaipokea finjani kwa mikono miwili. Akaizungusha kidogo kiganjani. Kisha akaiweka chini, juu ya zulia, mbele ya magoti yake, akainama, akaitazama.

Majlisi nzima ikageuka kumtazama Mkurugenzi.

Nyinyi vijana desturi hii mnaisikia kwa babu zenu tu, kwa hiyo naieleza. Mgeni mwenye haja nzito, anayetaka kusamehewa, au kuposa, au kusaidiwa, hainywi kahawa ya mwenyeji. Anaiweka chini. Maana yake: sitokunywa mpaka unijibu. Na mwenyeji mwenye heshima hamwachi mgeni na finjani chini. Aibu ni yake na ya watu wake. Bwana Mori hakujua lolote katika hayo. Kwao, anayepewa bakuli la chai hulitua kwanza, akatoa heshima, akalitazama, ndipo akanywa. Alikuwa anaipa kahawa yetu heshima ya juu kabisa aliyokuwa nayo.

Katika chumba kile mtu aliyejua yote mawili alikuwa mmoja. Diploma yangu ilikuwa inapiga kelele ndani ya kichwa. Simama! Eleza! Sentensi mbili tu, watu watacheka, kahawa itanyweka. Goti langu la kulia lilishanyanyuka. Nikamwona Bi Tomoko, mlangoni mwa chumba cha chai, ananitazama goti. Nikamtazama Ami Khalfan. Alikuwa amesimama na dele lake, uso wake hauna kitu, lakini alitikisa kichwa kidogo sana, kwangu.

Nikalirudisha goti.

Sijui kama mmewahi kushika jiko la moto kwa makusudi. Ndivyo nilivyokaa.

Mkurugenzi alikuwa amepauka. Nasema tena, alikuwa mtoto wa jangwani. Mikataba alijifunza ukubwani, lakini hili alizaliwa nalo. Akaweka mkono kifuani, akasema kwa Kiarabu, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo ofisini: "Kunywa kahawa yako, ewe mgeni. Haja yako imekubaliwa."

Mkalimani, binti mmoja hodari, akaitafsiri neno kwa neno. Bwana Mori akageuka kwangu, mimi jirani yake, akaninong'oneza kwa Kiingereza: "Nimekosea?"

"Hujakosea," nikamwambia. "Mwenyeji anasema lolote unaloliomba, amekubali."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo pekee nililolisema. Naapa. Wanaosema nilimnong'oneza aombe nini ni waongo, na ningekuwa ndiye mimi ningeshajisifu.

Bwana Mori akafikiri. Kwao, mgeni haombi kitu kwenye chai. Anauliza tu: bakuli hili kafanya nani, kata hii kachonga nani. Ni adabu yao kubwa. Kwa hiyo akauliza lile alilolijua. Akainua macho kwa Ami Khalfan, akasema, "Kahawa hii imetengenezwa na nani?"

"Na mimi," akasema Ami.

"Basi naomba," akasema Bwana Mori kwa Mkurugenzi, "nikija tena, na watakaokuja baada yangu, tuipate kwa mkono huu huu. Nimekwenda nchi nyingi nikapewa vikombe. Hapa nimepewa kahawa." Akaiinua finjani, akanywa.

Mkurugenzi alimtazama Ami Khalfan kama mtu aliyechomolewa pochi msikitini. Hakuwa na njia. Neno lilishatoka mbele ya watu thelathini. "Imekubaliwa," akasema. Kisha akatabasamu, na nadhani lilikuwa tabasamu la kweli. Baadaye kidogo akaniinamia sikioni: "Haya, umeniletea mmoja anayejua."

"Sikufanya kitu, Mheshimiwa."

"Najua. Ndilo linalonishangaza."

Sherehe ya chai ilifuata. Nlikaa saa moja na dakika kumi na mbili juu ya mikeka ya Bi Zuwena, sikunyanyuka. Kapu la Yiti lilining'inia ukutani na ua moja jeupe na harufu ya dagaa, na Bwana Mori akauliza limefumwa na nani, nikamjibu kwa fahari, mzee Said, mvuvi. Akauliza birika, nikajibu. Akauliza mabakuli, nikajibu, na mabakuli yale yakasifiwa kwa mara ya kwanza. Mwisho wake miguu sikuwa nayo. Wagawa kahawa wawili waliniinua kwapani kama bwana harusi aliyezimia.

Barua ya kubadilisha mkataba ilitoka wiki iliyofuata. Kampuni ikabaki na vyakula. Kahawa ikabaki kwa Ami Khalfan na wenzake wanne, na kabati la vioo likafunguliwa kwa bisibisi. Siku hiyohiyo nikachukua ruhusa nikapakia gari, maana deni la chombo halilali, na chombo cha watu hakirudi kitupu. Nlinunua halua ya kutosha. Basheer alikuta halua ndani ya birika la baba yake, akalipandisha juu ya jiko palepale lilipokuwa, akanilazimisha chai ya maziwa. Mwalimu wa sanaa nlimpa mabakuli yake na maneno ya Bwana Mori niliyoyaandika kwenye karatasi, akayasoma mara mbili mlangoni. Jirani alipata chetezo chake. Mzee Said, Yiti, alilinusa kapu. "Umeliharibu," akasema. "Linanuka ndimu." Halua akaila.

Bi Zuwena aliikagua mikeka ukindu kwa ukindu.

"Simu yako sikuipata."

"Hukuipata kwa sababu sikunyanyuka, Bi mkubwa."

"Nani shahidi?"

"Wajapani wanane."

"Wajapani wana adabu, hawawezi kukusema," akasema, lakini aliniwekea mkate wa kumimina wa kurudi nao.

Wa mwisho alikuwa Ami Khalfan, mitaa miwili kutoka hapo. Alizihesabu finjani, kumi na mbili. Akalifungua dele, akaona halua, akalifunga. Nikampa nakala ya barua. Hakuvaa miwani, alinirudishia nimsomee, nikamsomea, na nlipofika kwenye majina ya wenzake wanne alinifanya niyarudie moja moja.

"Yote yamo?"

"Yote, Ami."

"Basi huna deni na mtu," akasema, akaingia ndani kuwapigia simu.

Nikabaki uani. Nikarudi garini, nikawasha, nikakaa mikono juu ya usukani. Buti tupu, viti vitupu. Katika Muscat yote sikuwa nadaiwa hata kijiko, na sikujua niende wapi.